Jules Verne, Mtu Aliyesafiri kwa Mawazo

1. Mtoto wa kando ya mto

Watoto, ninyi mmeona ndege ikipita angani. Mmesikia habari za merikebu ziendazo chini ya bahari, na za watu waliotembea juu ya mwezi. Vitu hivi vilifanywa na mafundi na wenye elimu. Lakini kabla fundi hajashika nyundo, sharti kwanza mtu akione kitu kile katika mawazo yake. Leo tutasoma maisha ya mtu mmoja ambaye kazi yake ilikuwa hiyo: kuwaza vitu ambavyo havijakuwako bado, na kuviandika vitabuni. Jina lake ni Jules Verne.

Jules Verne alizaliwa tarehe 8 Februari 1828 katika mji wa Nantes, upande wa magharibi wa Ufaransa. Mji huo uko kando ya mto mkubwa uitwao Loire. Siku zile merikebu zilitoka baharini zikapanda mto mpaka mjini. Nyumba aliyozaliwa ilisimama juu ya kisiwa katikati ya mto, hata mtoto aliweza kuona milingoti na matanga karibu kabisa na kwao.

Baba yake, Pierre Verne, alikuwa mwanasheria. Mama yake aliitwa Sophie. Jules alikuwa mtoto wao wa kwanza. Alimfuata ndugu yake Paul, kisha wakazaliwa dada zake watatu. Mwalimu wake wa kwanza alikuwa mama mmoja ambaye mume wake, nahodha, alisafiri baharini asirudi tena. Miaka mingi ilipita, na mama yule aliendelea kumngojea. Baadaye Jules alisoma katika shule ya Wakatoliki iitwayo Saint-Stanislas, halafu katika seminari ndogo ya Saint-Donatien.

Paul alipokua aliingia katika kazi ya merikebu. Jules naye alipenda bahari, lakini yeye alikuwa mwana wa kwanza, na desturi ilitaka mwana wa kwanza arithi kazi ya baba. Basi baba yake akamtuma Paris kujifunza sheria.

2. Shauri gumu

Jules alifika Paris mwaka 1848, kijana wa miaka ishirini. Alijifunza sheria, akashinda mtihani mwaka 1851. Lakini moyo wake haukuwa katika sheria. Mchana alisoma vitabu vya hukumu, usiku aliandika michezo ya kuigiza.

Mwaka 1852 baba yake alimwita arudi Nantes kushika ofisi yake. Fikirini, watoto: kazi ilikuwa tayari, nyumba ilikuwa tayari, mshahara ulikuwa tayari. Jules alikataa. Alimwandikia baba yake kwa heshima, akamweleza ya kuwa atakuwa mwanasheria mbaya, kwa sababu mawazo yake yako mahali pengine.

Je, alifanya vema? Msikate shauri upesi. Miaka kumi iliyofuata ilikuwa miaka ya taabu. Michezo yake haikumpa sifa wala fedha nyingi. Mwaka 1857 alioa mjane mmoja, jina lake Honorine, aliyekuwa na binti wawili wadogo. Sasa alikuwa na watu wa kulisha. Basi akafanya kazi katika soko la fedha la Paris, mahali watu wanaponunua na kuuza sehemu za makampuni. Baba yake, ingawa alihuzunika, hakumwacha: alimkopesha fedha za kuanzia kazi hiyo. Mwaka 1861 alizaliwa mwana wao wa pekee, Michel.

Lakini katika miaka ile Jules hakukaa bure. Aliamka alfajiri akaandika kabla ya kwenda kazini. Kila alipopata nafasi aliingia katika maktaba kubwa ya Paris. Humo alisoma habari za nchi za mbali, za nyota, za mawe, za wanyama, na za mitambo. Kila jambo lililompendeza aliliandika katika kikaratasi, akakiweka. Vikaratasi hivyo vikawa maelfu. Alikuwa kama mkulima anayekusanya mbegu bila kujua mvua itanyesha lini.

3. Puto juu ya Afrika

Mvua ilinyesha mwaka 1863. Mwaka ule Jules Verne, mwenye miaka karibu thelathini na mitano, alitoa kitabu chake cha kwanza cha safari, kiitwacho Majuma Matano katika Puto. Mpiga chapa aliyekipokea alikuwa Bwana Hetzel, mtu mwenye busara aliyetaka kuwapa watoto wa Ufaransa vitabu vya kufundisha na kufurahisha pamoja.

Sasa tegeni masikio, maana kitabu hicho kinaanzia karibu na kwetu. Wasafiri watatu wanaondoka Unguja, yaani Zanzibar, katika puto kubwa lililojazwa hewa nyepesi iitwayo haidrojeni. Upepo unawachukua juu ya nchi za bara, wanapita juu ya ziwa kubwa la Nyanza, wanaona mto Nile unakotoka, wanavuka jangwa, na mwisho wanafika mto Senegal, upande wa magharibi. Ili kupanda juu, wanaipasha moto ile hewa; ili kushuka, wanaiacha ipoe.

Kitabu kilisomwa sana. Lakini lazima tuseme ukweli wote. Jules Verne hakuwa amekanyaga Unguja wala Tabora wala ziwa lolote letu. Alisoma vitabu vya wasafiri wa Ulaya tu. Habari za milima na mito alizipata vema, kwa kuwa wasafiri walizipima. Lakini watu wa Afrika aliwaeleza vibaya, kwa dharau, kana kwamba hawana akili. Kwa nini? Kwa sababu aliandika yale ya wengine, na wengine hawakuketi na wenyeji kusikiliza maneno yao. Mtu aweza kuwa na mawazo yanayofika mwezini, na bado asimwone jirani yake. Nanyi mkisoma kitabu chochote, ulizeni: mwandishi huyu aliona mwenyewe, au alisikia tu?

4. Kitabu kilichofichwa

Baada ya kitabu cha kwanza, Jules Verne alimpelekea Bwana Hetzel kitabu kingine juu ya mji wa Paris utakavyokuwa miaka mia moja mbele, karibu na mwaka 1960. Katika mji huo kuna magari yanayokwenda bila farasi, treni zinazopita juu ya barabara, taa za umeme usiku kucha, na mitambo ya kutuma picha ya maandishi mpaka mji wa mbali. Leo vitu hivi vyote vipo.

Lakini kitabu hicho kina huzuni. Kijana mmoja anayependa mashairi hapati kazi, maana katika mji ule watu wanajali mitambo na faida tu. Baridi kali inakuja, mazao yanaharibika, njaa inaingia. Kijana anatangatanga katika theluji, wala hakuna wa kumsaidia. Mji una kila kitu, isipokuwa huruma.

Bwana Hetzel alikikataa kitabu. Aliona ya kuwa hakuna atakayeyasadiki mambo yale. Jules Verne akakiweka. Miaka mingi baada ya kifo chake, mwaka 1989, mtoto wa mjukuu wake alikikuta katika sanduku la chuma lililofungwa. Kikapigwa chapa mwaka 1994. Kumbe mambo mengi yaliyoonekana kuwa ndoto yalikuwa yamekwisha kutimia!

5. Chini ya bahari na juu ya mwezi

Kutoka hapo Jules Verne aliandika mwaka baada ya mwaka. Vitabu viwili ndivyo vilivyowaamsha mafundi zaidi.

Cha kwanza ni habari za merikebu iitwayo Nautilus, kilichotolewa katika miaka ya 1869 na 1870. Merikebu hiyo inakwenda chini ya maji kwa nguvu za umeme, na mkubwa wake ni Kapteni Nemo. Msidhani kwamba Jules Verne aliiwaza bila kuona kitu chochote. Merikebu ndogo za namna hiyo zilikuwa zimekwisha kujaribiwa, na mwaka 1867 yeye mwenyewe aliona mfano wa mojawapo katika maonyesho makubwa ya Paris. Lakini merikebu hizo zilikuwa dhaifu na za polepole. Yeye alichukua mbegu ndogo akaikuza katika mawazo yake mpaka ikawa mti.

Kule Marekani mtoto mmoja, Simon Lake, alisoma kitabu hicho, akaapa moyoni kwamba atatengeneza merikebu kama ile. Alipokuwa mtu mzima aliitengeneza, na mwaka 1898 Jules Verne alimpelekea simu ya kumpongeza. Mwaka 1954 Wamarekani walishusha majini merikebu ya kwanza iliyotumia nguvu za atomi chini ya maji, wakaiita Nautilus. Mwaka 1958 ilipita chini ya barafu mpaka Ncha ya Kaskazini.

Kitabu cha pili kilitoka mwaka 1865, na kingine cha kukimaliza kikafuata miaka michache baadaye. Watu watatu wanaingia ndani ya risasi kubwa ya alumini, wanarushwa kwa mzinga kutoka Florida, Marekani. Wanauzunguka mwezi, na wanaanguka katika bahari ya Pasifiki. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, tarehe 16 Julai 1969, watu watatu waliondoka Florida kwelikweli. Wawili wao walikanyaga mwezi, na tarehe 24 Julai wote watatu walishuka katika bahari ya Pasifiki. Walipokuwa njiani kurudi, mkubwa wao, Neil Armstrong, aliwakumbusha watu habari za kitabu cha Jules Verne.

Lakini Jules Verne alikosea jambo moja kubwa. Mzinga hauwezi kumpeleka mtu mwezini. Risasi ikiondoka kwa mwendo wa ghafula namna ile, watu waliomo watapondwa papo hapo. Nani aliyeligundua kosa hilo? Mmoja wao alikuwa mtoto! Hermann Oberth alikuwa na miaka kumi na moja hivi alipokisoma kitabu hicho. Alikipenda hata akakisoma mara nyingi. Kisha akachukua karatasi akafanya hesabu, akaona mzinga haufai. Basi ni kitu gani kitakachofaa? Akaendelea kutafuta, na mwaka 1923 alitoa kitabu juu ya roketi, ambayo huongeza mwendo wake kidogo kidogo. Katika Urusi pia mwalimu mmoja wa shule, Konstantin Tsiolkovsky, aliyekuwa kiziwi tangu utoto, alisoma Jules Verne akaanza kufikiri. Hesabu zake za roketi zilipigwa chapa mwaka 1903. Naye Alberto Santos-Dumont wa Brazili alisoma vitabu hivyo alipokuwa mtoto katika shamba la kahawa la baba yake. Mwaka 1906 aliruka kwa ndege mbele ya watu wa Paris.

Mnaona sasa namna kazi inavyokwenda. Mwandishi hakutengeneza roketi. Hata alikosea. Lakini aliuliza swali zuri, na swali zuri huamsha akili ya mtoto aliye mbali, hata mtoto ambaye hajazaliwa bado.

6. Punje moja ya ngano

Jules Verne hakufikiri mitambo tu. Alijua kwamba msafiri asiyekula hafiki. Kwa hiyo katika vitabu vyake aliuliza daima: watu hawa watakula nini?

Wale wasafiri wa mwezini wanachukua nyama iliyokazwa kwa mtambo mpaka ikawa ndogo, na vidonge vya mchuzi vya kuyeyusha katika maji ya moto. Ninyi mnajua ndakala waliokaushwa juani: wamekuwa wepesi, hawaozi upesi, na mama akiwatia majini wanafaa tena kwa mboga. Ni akili ileile. Leo watu wanaokaa katika vyombo vya angani hula vyakula vingi vilivyoondolewa maji, na kabla ya kula wanavitia maji.

Kapteni Nemo naye anakula vitu vya bahari tu: samaki, wanyama wa baharini, hata sukari iliyotolewa katika mwani. Kwake bahari ni shamba. Hiyo ilikuwa hadithi. Lakini leo kwenye pwani ya Unguja, palepale puto lilipoondokea katika hadithi, wanawake wengi hulima mwani baharini, wanaufunga kwa kamba, wanauvuna, wanaukausha na kuuza. Kitu kinachotolewa ndani yake hutumika kuvifanya vyakula viwe vizito.

Mfano mzuri kuliko yote uko katika kitabu cha Kisiwa cha Ajabu, kilichotoka katika miaka ya 1874 na 1875. Watu wachache wametupwa kisiwani bila chakula wala vyombo. Siku moja mvulana aitwaye Herbert anakuta punje moja ya ngano ndani ya nguo yake. Baharia mmoja anacheka, maana punje moja haishibishi hata panya. Lakini mkubwa wao, mhandisi, anafanya hesabu. Punje moja yaweza kutoa masuke kumi, na kila suke punje themanini. Jumla ni punje 800. Tukizipanda zote, mavuno ya pili ni punje 640,000. Tukizipanda tena, mavuno ya tatu ni punje 512,000,000.

Basi wanaipanda punje ile moja kwa uangalifu mkubwa. Wanazungushia ua, wanaweka sanamu za kufukuza ndege. Mavuno ya kwanza hawayali, ingawa wana hamu ya mkate. Wanayarudisha ardhini. Mwisho wanajenga mtambo wa kusaga unaozungushwa na upepo, na wanakula mkate.

Watoto, anayekula mbegu yake leo atalia kesho. Baba na mama zenu wanalijua neno hili, ndiyo maana huyatundika mahindi bora juu ya moto jikoni, wala hawawaruhusu kuyachoma. Akili ya mhandisi yule na akili ya nyanya yenu ni moja.

Katika kitabu hichohicho mhandisi anasema kwamba siku moja maji yatatumika mahali pa makaa ya mawe, kwa kutenganishwa kwa umeme. Leo kuna magari yanayokwenda kwa haidrojeni. Lakini kumbukeni: kuyatenganisha maji kunataka nguvu nyingi. Hakuna kitu cha bure. Anayetaka moto sharti akate kuni kwanza.

7. Nyumbani Amiens

Mwaka 1871 Jules Verne alihamia Amiens, mji wa mke wake. Sasa alikuwa na sifa na mali. Alinunua merikebu akasafiri na ndugu yake Paul. Mwaka 1884 alifika Roma, akapokewa na Papa Leo wa Kumi na Tatu.

Lakini sifa haizuii machozi. Mwana wake Michel alikuwa mkaidi. Baba alikuwa amejifungia na vitabu vyake kila siku, na mtoto alikua bila kuonwa. Mwaka 1876 alimpeleka katika nyumba ya kuadibisha vijana, na mwaka 1878 alimtia merikebuni kwenda India. Mtu aliyeweza kuona mambo ya miaka mia mbele hakuona yaliyokuwa katika moyo wa mtoto wake mwenyewe. Pole kwa pole, baada ya miaka mingi, walipatana, na Michel ndiye aliyetoa vitabu vya mwisho vya baba yake.

Tarehe 9 Machi 1886, Gaston, mtoto wa ndugu yake Paul, aliyekuwa na ugonjwa wa akili, alimpiga bastola mguuni. Jules Verne alichechemea mpaka mwisho wa maisha yake. Hakusafiri tena baharini. Hata hivyo hakuketi kulalamika. Mwaka 1888 alichaguliwa katika baraza la mji wa Amiens, akashughulika na mambo ya kila siku ya watu. Aliendelea kuamka mapema na kuandika, ingawa ugonjwa wa sukari ulimdhoofisha na macho yakaingia giza.

Alikufa Amiens tarehe 24 Machi 1905, mwenye miaka 77. Aliacha vitabu zaidi ya hamsini vya safari. Vimegeuzwa katika lugha nyingi za dunia.

8. Neno la mwisho

Labda kati yenu yuko mtoto anayetazama juu usiku na kuwaza mambo makubwa, na wenzake wanamcheka. Asiogope. Lakini afanye kama Jules Verne: asome sana, aandike anayoyajifunza, afanye kazi hata wakati hakuna anayemsifu. Afanye pia kama Oberth: akiambiwa jambo, apige hesabu mwenyewe. Wala asisahau yule kijana wa mji wa mitambo aliyeanguka katika theluji. Tukitengeneza kitu kipya, tuulize kwanza: kitamlisha nani, na ni nani atakayeachwa nje?

Maulizo

1. Kwa nini Jules Verne alikataa kushika ofisi ya baba yake?
2. Wasafiri wa puto waliondoka wapi, na walifika wapi?
3. Kwa nini mwandishi aliwaeleza vibaya watu wa Afrika?
4. Mtoto Oberth aligundua kosa gani?
5. Suke moja la mahindi yenu lina punje ngapi? Hesabuni. Ukipanda punje moja, na mmea wake ukatoa suke moja kama hilo, mavuno ya tatu yatakuwa punje ngapi?